Mashimo ya flanji: andika makro moja, ubadilishe namba tu

Msimu wa korosho ukikaribia, karakana za hapa Mtwara huzidiwa na kazi: puli, bushi, na flanji (sahani za kuungia, zenye mashimo ya bolti kuzunguka) za kila aina. Moja ina mashimo 6, nyingine 8, ya tatu 12. Fundi anayeandika programu mpya kwa kila flanji anajichosha bure, na kila akirudia kukokotoa anaongeza nafasi ya kukosea.

Dawa ni makro: programu ndogo yenye vigeu, yaani nafasi za namba zenye alama ya #. Kwenye mashine za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) zenye kidhibiti cha Fanuc, ninaita makro namba 9100 hivi: G65 P9100 R75. H8. A0. Z-20. F100. R ni nusu kipenyo cha duara la mashimo, H ni idadi, A ni pembe ya kuanzia, Z ni kina, F ni kasi ya kutoboa. Ndani ya makro, R inakuwa #18, H inakuwa #11, A inakuwa #1, Z inakuwa #26 na F inakuwa #9. Usisahau nukta! Mashine nyingi huisoma R75 isiyo na nukta kama milimita 0.075.

Lupu yenyewe, sehemu inayojirudia kwa kila shimo, ni fupi (LT ni ndogo kuliko, G81 hutoboa, R2. ndani yake ni kimo cha kuanzia kutoboa, G80 husitisha utoboaji, M99 hurudi kwenye programu kuu):

#30=0
WHILE [#30 LT #11] DO1
#31=#1+#30*360/#11
G81 X[#18*COS[#31]] Y[#18*SIN[#31]] Z#26 R2. F#9
#30=#30+1
END1
G80
M99

Tazama mstari wa #31. Pembe inakokotolewa upya kutokana na hesabu ya shimo. Wengi huongeza pembe ileile kila mzunguko, lakini ukigawa 360 kwa 7 namba haiishi, na makosa madogo hujilimbikiza hadi shimo la mwisho. Mstari wa #30=#30+1 nao ukiusahau, biti itatoboa shimo lilelile bila kukoma.

Juu kabisa, kabla ya lupu, weka kinga: IF [#18 EQ #0] THEN #3000=1. Maana yake: #18 ikiwa tupu (#0), #3000 inatoa alamu na kusimamisha mashine. Aliyesahau R atapata alamu kabla mhimili haujasogea. Weka nyingine kama hiyo kwa #11 na #26. Mimi siruhusu makro isiyo na kinga kwenye mashine ninayoisimamia, hata kama kazi ni ya haraka kiasi gani.

Halafu umeme. Ukikatika, vigeu vya kuanzia #100 hufutika, vya kuanzia #500 hubaki. Kwa hiyo hesabu ya flanji zilizokamilika iweke kwenye #500, na #1 hadi #33 ziachie kazi za ndani ya makro.

Mara ya kwanza, inua Z juu ya kipande, endesha bloku moja moja (mstari mmoja kwa wakati), na usome #31 kwenye skrini: kwa mashimo 8 lazima uone 0, 45, 90, 135.