Jibu: Mrushaji akichanika kiwiko, ndiyo basi tena?

Mkuu, umeuliza kama mrushaji wa besiboli (anayemtupia mpigaji mpira) akichanika ligamenti ya kiwiko, ule ukanda unaoshikanisha mifupa, ndiyo mwisho wa kazi. Zamani ndiyo, mtu alifungasha virago. Kisha akatokea Tommy John wa Dodgers, timu ya Marekani, aliyekuwa akirusha kwa kushoto. Aliumia Julai 1974, na Septemba Dkt. Frank Jobe akachukua kano (uzi unaounganisha msuli na mfupa) ya mkono wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. Kano yenyewe unaweza kuiona: gusanisha kidole gumba na cha mwisho, kunja kiganja kidogo, ule uzi unaochomoza katikati ya kifundo cha mkono ndio huo (wengine hawana, wala hawapungukiwi kitu). 1975 yote hakucheza. 1977 akashinda mechi 20! Akarusha mpaka 1989, ana miaka 46. Jumla alishinda 288, na 164 kati ya hizo ni baada ya kisu.

Ila si kama kubadili tairi. Kurudi kurusha kwa kawaida ni mwaka na ushee. Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga pia, naye alipasuliwa kiwiko hivyo hivyo 2018. Msimu wa 2019 akawa anapiga tu, harushi.