Mkuu, usipokee domeni ya bure kutoka kwa muuza hosti

Mkuu, simama hapo hapo, usilipe. Umeuliza kama blogu mpya ichukue hosti ya pamoja (seva moja, yaani kompyuta inayobeba tovuti, mnayogawana wengi) au VPS (sehemu ya seva uliyotengewa peke yako), halafu ukadokeza kwamba umepata kifurushi cha miaka mitatu chenye domeni, yaani jina la tovuti, ya bure ndani. Hiyo domeni ya bure ndiyo iliyonimaliza mimi.

Muuzaji wangu aliniambia, "Wewe andika tu, mambo ya domeni tuachie sisi." Akaisajili yeye. Sehemu ya mmiliki akajaza jina la kampuni yake na baruapepe yake. Blogu ikashika kasi, na seva ikaanza kuzidiwa: makala ikisambaa kidogo tu, wasomaji wanakutana na kosa 508, yaani mgao wako wa seva umekwisha. Na kifurushi chenyewe kiliuzwa kwa jina la "bila kikomo"! Kisicho na kikomo ni nafasi ya diski, tena kwenye tangazo. Kichakataji, kumbukumbu na idadi ya mafaili vyote vina mpaka, umefichwa huko kwenye masharti ambayo hakuna anayekuonyesha siku ya kulipa.

Nikaamua kuhama. Mafaili nikayashusha, hifadhidata nikaitoa, makala zote zikafunguka vizuri kwenye seva mpya. Likabaki jina. Kuhamisha .com kwenda kwa msajili mwingine, yaani kampuni inayosajili majina ya tovuti, kunataka msimbo wa uhamisho, na msimbo hupewa mwenye domeni. Kwenye rekodi mwenyewe ni yeye. Namwandikia, kimya. Napiga simu, "kesho". Baadaye akataja bei ya kuniuzia jina nililolijenga mwenyewe! Nilipokataa, akaliacha muda wake uishe. Msajili akishalifuta jina lililoisha muda, .com hukaa siku 30 za kukombolewa kwa ada ya ziada, lakini anayeweza kulikomboa ni yule yule mwenye akaunti. Viungo vyote nilivyopewa na tovuti nyingine vikawa vinaelekea kwenye ukurasa mtupu, na baruapepe za wasomaji zikawa hazifiki. Makala ninazo zote, neno kwa neno, chini ya jina jingine ambalo hakuna anayelijua.

Yule bwana alijua anachofanya. Na wale wanaoandika "hosti kumi bora" wakilipwa kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka, sijaona hata mmoja akitaja jambo hili.

Kwa hiyo: domeni nunua kwa msajili, kwa jina lako, kwenye akaunti yako. Hosti nunua kwingine. Kuviunganisha ni kubadilisha nameseva tu, yaani anwani zinazoelekeza domeni kwenye hosti yako, na siku hosti ikikuchosha unazibadilisha tena bila kumuomba mtu ruhusa. Akaunti ya msajili ifungue kwa baruapepe isiyotegemea domeni hiyo hiyo, maana domeni ikizimika na baruapepe inazimika, na onyo la kulipia hulioni. Washa malipo ya kujirudia. Usitegemee kuangalia jina la mmiliki kwenye rekodi za umma, siku hizi mara nyingi limefichwa kwa ajili ya faragha.

Kuhusu swali lako, ya pamoja inatosha kabisa kuanzia. VPS ya bei rahisi kwa kawaida haina mtu wa kuihudumia, masasisho na ulinzi ni juu yako. Lipia mwaka mmoja, na kabla ya kulipa tazama bei ya kuhuisha, si ya ofa. Bekapu shusha kwenye kompyuta yako, mafaili pamoja na hifadhidata.

Na kama ulishalipa kabla ya kusoma hapa, ingia kwenye akaunti yako sasa hivi, fungua ukurasa wa domeni, utafute sehemu ya kutoa msimbo wa uhamisho. Ukiweza kuutoa mwenyewe, hiyo ni dalili nzuri. Usipoiona sehemu hiyo, wadai leo hii wakuhamishie umiliki kwa maandishi, wakati bado wanakuhesabu kuwa mteja mpya.