Barua za Bustani: Mwaridi Unaonukia Katika Pwani ya Kusini

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Mikindani katika nyumba ya zamani iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Marehemu bibi yangu alikuwa na mrashi wa shaba, na kila maulidi alitunyunyizia marashi ya mawaridi yaliyotoka Omani. Tangu utotoni natamani kuwa na mwaridi wangu mwenyewe. Mwaka jana nilinunua miche miwili ya kubebesha (kijiti cha mwaridi kilichounganishwa juu ya shina la mwingine) iliyoletwa kutoka mikoa ya baridi, nikaipanda chini ya ukuta ili iukwepe upepo wa kusi. Mmoja ulikufa. Wa pili umetoa maua mekundu ya kupendeza, lakini hayanukii hata kidogo, na majani yake machanga yamekuwa ya manjano ilhali mishipa imebaki ya kijani. Nimeweka samadi ya mbuzi mara mbili bila mafanikio. Je, nikiongeza mbolea harufu itakuja? Na je, naweza kuupata mwaridi ule wa marashi ya bibi? — Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ina maswali matatu yaliyofungwa katika kitambaa kimoja, nami nataka kuyafungua moja baada ya jingine. Nianze na harufu, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya uandike.

Mbolea haileti harufu. Mwaridi huzaliwa na harufu yake au huzaliwa bila hiyo, kama vile muhogo mchungu usivyogeuka kuwa mtamu kwa kutiwa samadi. Miche mingi inayouzwa siku hizi ni ya ukoo wa mawaridi ya kukatwa, yale yanayolimwa kwa ajili ya kusafirishwa na kuwekwa katika chombo cha maua mezani. Waliouzalisha ukoo huo walitafuta kikonyo kirefu, ua lisilopondeka njiani na petali zinazodumu siku nyingi, na katika kuyachagua hayo harufu ikaachwa nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ndani ya petali kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, walichokiita NUDX1, kinachosaidia kutengeneza jeranioli, mojawapo ya mafuta yanayolitia waridi harufu yake, na kwamba katika mawaridi yasiyonukia kimeng'enya hicho karibu hakifanyi kazi. Kwa hiyo mche wako haukosi chakula wala matunzo. Hauna tu kile ulichokuwa ukikitafuta, na sioni haki kuulaumu. Uache uendelee kupendeza macho, na utafute mwingine kwa ajili ya pua.

Sasa mwaridi wa bibi. Marashi maarufu ya Omani hutokana na waridi la Dameski, linalolimwa katika vijiji vya Jabal Akhdar, mlima ambao mashamba yake yako kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi. Huko kuna baridi ya kweli wakati wa kipupwe, na baada ya baridi hiyo miwaridi huchanua mara moja kwa mwaka, katika majuma machache ya karibu na mwezi wa Aprili. Baridi ndiyo inayouamsha mti utoe vitumba. Kwetu Mikindani hata usiku wa Julai haufikii ubaridi huo, na ukiupanda mwaridi huo hapa utakupa majani na miiba miaka nenda miaka rudi, na ua moja moja ukibahatika. Najua neno hili litakuhuzunisha. Lakini lipo jingine la kukufariji, nalo limetoka katika bahari hii hii unayoiona ukiwa barazani kwako.

Mashariki ya Madagaska kuna kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon. Wakazi wake walikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba yao wigo wa miwaridi ya aina mbili: mwaridi wa China unaochanua mwaka mzima, na mwaridi wa Dameski wa ile aina inayorudia kuchanua. Mwishoni mwa miaka ya 1810 mtaalamu wa mimea Mfaransa aitwaye Bréon aliukuta katikati ya wigo huo mwaridi usiofanana na wowote, uliozaliwa kwa miwili hiyo kuchavushana yenyewe. Mbegu zake zikapelekwa Ufaransa, na ukoo uliotokana nazo ukaitwa Bourbon kwa jina la kisiwa. Ukoo huu umerithi harufu ya Dameski kutoka kwa mzazi mmoja, na kutoka kwa mwingine tabia ya kuchanua pasipo kungoja baridi. Kwa mtu wa pwani anayependa harufu, sijui zawadi iliyo bora kuliko hiyo. Humo ndimo lilimo 'Louise Odier' la mwaka 1851, la rangi ya waridi iliyokolea. Karibu na ukoo huo lipo pia 'Gruss an Teplitz' la mwaka 1897, jekundu, ambalo Wahindi wamelipenda sana na kulitungia mashada.

Usisumbuke, hata hivyo, kuyauliza majina hayo kwa wauza miche. Tembea mitaani kwako asubuhi. Katika nyua za watu wazima wa Mikindani, Mtwara mjini na Lindi bado utaona vichaka vya zamani vya miwaridi, vya maua ya ukubwa wa wastani, visivyopaliliwa sana, ambavyo vimeshinda chumvi, jua na miaka. Bisha hodi, omba ruhusa, nusa. Ua likikunukia, omba kipandikizi. Mwaridi wangu mwenyewe niliupata hivyo, kwa mama mmoja jirani ambaye hakujua jina lake wala umri wake. Yeye aliukuta alipoolewa. Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua mche wa kubebesha kwa bei ya kuumiza, sehemu ya juu ikafa, shina la chini likatoa maotea, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikiyamwagilia maotea yasiyokuwa na thamani nikidhani ni mwaridi nilioununua. Mwaridi uliooteshwa kwa kipandikizi hauna hatari hiyo, kwa sababu hata ukikauka hadi chini, kitakachochipua ni ule ule.

Wakati mzuri wa kukata vipandikizi kwetu ni Mei na Juni, mvua zinapokwisha na joto linapopungua. Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, nene kama penseli, ulikate kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye vifundo vinne hivi, mkato wa chini ukiwa chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Kichomeke hadi nusu yake katika kiriba chenye mboji na mchanga wa mto, wala usitumie mchanga wa ufukweni kwa sababu ya chumvi, kisha ukifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako na ukiweke penye kivuli cha mwembe. Baada ya wiki nne hadi sita, ukikivuta kwa upole kikakataa kutoka, ujue kimeshika mizizi. Chomeka vitano ili upate viwili. Si kila kimoja kitakubali.

Limebaki la majani ya manjano, na hili ukuta wako ndio wenye jibu. Mawe ya matumbawe ni chokaa, lipu ya zamani ni chokaa, na kila mvua inaposhuka ukutani huangusha chembe zake chini, mwaka hadi mwaka, mpaka udongo wa pale unakuwa wa chokaa. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo lakini mizizi haiwezi kuyachukua, ndiyo maana jani changa linageuka manjano na mishipa inabaki ya kijani. Samadi zaidi haitaponya. Uhamishe mwaridi huo mwezi Mei, uupeleke mbali na ukuta, au uupande katika pipa lililotobolewa kitako, ujaze udongo mwekundu wa bara uliochanganywa na mboji iliyoiva. Shimo la bustanini liwe la upana na kina cha sentimita 50, mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi, na kwa ajili ya kusi panda kichaka kigumu upande wa kusini-mashariki, hatua chache kutoka kwenye mwaridi, kipunguze upepo bila kuleta kivuli.

Wakati wa kiangazi upe mti huo ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, ikimwagwa polepole shinani. Katika mchanga mtupu ongeza mara ya tatu. Maji ya kisima yaanze kuonjwa: ukisikia chumvi ulimini, mwaridi nao utaisikia, na utaiona kwenye kingo za majani zilizoungua. Maji ya mvua uliyoyakinga yana thamani kubwa kwake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkulima wa korosho, Newala. Kila Julai majani machanga ya mwaridi wangu hujikunja na kupakwa unga mweupe, wakati ule ule ambao mikorosho inashambuliwa na ubwiri unga. Je, ugonjwa unatoka shambani? Na naweza kutumia salfa ile ile?

JIBU: Ndugu yangu, umeona vizuri, ila chanzo si kimoja. Ubwiri unga wa mkorosho una kuvu wake, na ubwiri unga wa mwaridi una kuvu wake mwingine, na hawa hawabadilishani nyumba. Kinachowakutanisha ni hali ya hewa: usiku wa baridi na unyevu angani, mchana mkavu. Kuvu hawa hawahitaji jani kulowa ili waote, tofauti na ule ugonjwa wa madoa meusi unaotusumbua wakati wa mvua, ambao unahitaji jani libaki limelowa kwa saa nyingi.

Salfa inafaa kwa yote miwili, lakini ninyi mliozoea kupuliza kwa mashine mna mkono mzito. Kwa kichaka kimoja tumia salfa ya kuchanganya na maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, asubuhi na mapema, ukiwa umefunika pua na mdomo. Usipulize siku ambayo joto litafika nyuzi 30 au kupita, kwa maana itaunguza majani. Kabla ya hayo yote kata vichwa vilivyojikunja, uvichome, na upunguze matawi ya katikati ili hewa ipite, kama unavyopogolea mkorosho. Na jambo moja ninalokusihi: shamba likipulizwa karibu na nyumba, mawaridi ya siku hizo yasitiwe katika chai wala marashi.

SWALI: Maua yangu yana petali nyingi, na vitumba vyake huoza kabla ya kufunguka. Nimeambiwa niupogoe mti kila mwezi. — Msomaji wa Lindi mjini

JIBU: Usifanye hivyo, utauchosha. Mawaridi yenye petali nyingi hugandamana yakinyeshewa mfululizo, na 'Souvenir de la Malmaison' la mwaka 1843, mojawapo ya mazuri kabisa ya ukoo wa Bourbon, linajulikana kwa udhaifu huo. Dawa yako iko kwenye kalenda. Pogoa kwa nguvu mara moja, mwanzoni mwa Mei, ukiondoa theluthi moja ya urefu na matawi yote makavu. Kutoka kupogoa hadi kuchanua ni wiki sita hadi nane, hivyo maua makubwa yatakuja mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na asubuhi zikiwa za ubaridi, wakati ambao harufu nayo hudumu zaidi. Miezi mingine kata tu maua yaliyonyauka, juu ya jani lenye vijani vitano.

SWALI: Naomba kufundishwa kutengeneza marashi ya mawaridi nyumbani. Pia nieleze kwa nini waridi langu hunukia sana alfajiri na kufikia adhuhuri halina kitu. — Binti wa Mtwara

JIBU: Mwanangu, swali lako la pili ndilo ufunguo wa la kwanza. Mafuta ya harufu ni mepesi, na jua likipanda yanatoka kwenye petali na kwenda na upepo. Wavunaji wa Dameski hufanya kazi alfajiri kwa sababu hiyo, na kwa sababu mafuta yenyewe ni machache mno: kilo moja inahitaji tani 3 hadi 5 za maua. Nawe chuma kabla jua halijakausha umande, ukichagua maua yaliyofunguka nusu. Kabla ya kuchuma, simama kidogo uyanuse. Sogeza pua taratibu, vuta pumzi fupi, pumzika, rudia. Pua ikizidiwa mara ya kwanza haisikii tena. Utagundua kwamba kuna waridi linalonukia kama majani ya chai, lingine lina ulimau, na miwaridi ya ukoo wa miski ina harufu ya karafuu isiyotoka kwenye petali bali kwenye vile vijiti vya unga vilivyo katikati ya ua.

Kwa marashi, weka kipande cha tofali safi katikati ya sufuria kubwa, zungushia petali ambazo hazikupuliziwa dawa, mimina maji yafunike petali tu, na juu ya tofali weka bakuli. Funika sufuria kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini, uweke barafu juu yake, kisha washa moto mdogo. Mvuke utapanda, utakutana na ubaridi wa mfuniko, na utadondoka bakulini ukiwa umebeba harufu, kwa kuwa sehemu mojawapo kubwa ya harufu ya waridi huyeyuka vizuri katika maji. Zima baada ya nusu saa au dakika 40, kabla petali hazijaanza kunuka kama mboga iliyopikwa. Maji yaliyomo bakulini ndiyo marashi. Yatie katika chupa ya kioo iliyochemshwa, uifunge, uiweke katika jokofu, na uyatumie ndani ya wiki chache.