Kufunga shule ndani ya modeli: watoto wamekwenda wapi?

Anayeanza kuunda modeli za milipuko ya magonjwa, yaani hesabu zinazoiga ugonjwa unavyoenea, huiona hatua ya kufunga shule kuwa nyepesi kuliko zote: chukua jedwali la makutano ya watu kwa umri, futa makutano ya shuleni, endesha programu, chora mchoro. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Mtoto aliyefungiwa shule hayeyuki. Yuko nyumbani na ndugu zake, yuko kwa bibi, yuko nje na watoto wa majirani. Modeli isiyosema yuko wapi haijafunga shule, imewafuta watoto.

Usianze na programu kubwa inayomfuata kila mtu mmoja mmoja. Anza na makundi manne: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa lakini bado hawaambukizi, wanaoambukiza, na waliotoka kwenye mzunguko kwa kupona au kufa. Msingi wa hesabu za namna hii uliwekwa na wanasayansi Kermack na McKendrick mwaka 1927, na bado unafaa. Gawa kila kundi kwa umri, watoto na watu wazima. Walimu na wazee wataongezwa baadaye. Kabla ya kugusa hatua yoyote ya afya, hakikisha jumla ya makundi haibadiliki siku hadi siku, na kwamba ukipunguza hatua ya muda kutoka siku 1 hadi robo siku, kilele cha wagonjwa hakihami. Kikihama, unachokitazama ni kosa la ukokotoaji, si ugonjwa.

Sasa mfano wa kubuni, ambao unaweza kuukokotoa kwa kalamu. Watu 1,000: watoto 400, watu wazima 600. Kwa siku, mtoto hukutana na watoto 10, kati yao 7 shuleni, na watu wazima 6. Mtu mzima hukutana na watoto 4 na watu wazima wenzake 8. Angalia kwamba 400 × 6 ni sawa na 600 × 4. Usawa huo ni lazima, maana kukutana kuna pande mbili. Data za dodoso hazikupi usawa huo zenyewe. Chukua wastani wa jumla mbili zinazopishana, kisha ugawanye upya kwa idadi ya kila kundi. Anayeruka hatua hii huwa ameumba watu wasiokuwepo.

R, yaani wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja, hupanda na kushuka sawia na thamani aigeni kubwa ya jedwali hilo, yaani namba moja inayofupisha jinsi jedwali zima linavyozidisha maambukizi. Hapa ni 14. Futa yale makutano 7 ya shuleni, inakuwa 11. Kama R ilikuwa 2.5, sasa ni takriban 1.96, pungufu ya asilimia 21. Wengi huishia hapa na kuanza kuandika ripoti.

Warudishe watoto duniani. Tuseme makutano 2 kati ya yale 7 yanajitokeza tena nje ya shule, na kukaa nyumbani kunapandisha makutano ya mtoto na watu wazima kutoka 6 hadi 7.5, basi ya mtu mzima na watoto lazima yapande kutoka 4 hadi 5. Thamani inakuwa 12.8, na punguzo limebaki chini ya asilimia 9.

Kisha badili biolojia: mtoto awe na nusu tu ya uwezekano wa kuambukizwa alio nao mtu mzima. Gawa mstari wa watoto kwa mbili. Shule zikiwa wazi, thamani ni 10.27. Ukifuta shule bila kuhamisha chochote, 9.5. Ukifunga na kuhamisha makutano kama tulivyofanya, 10.38. R imepanda kidogo! Shule haikuwa kinga. Watoto wametolewa kwa wenzao wasioambukizwa kwa urahisi na kupelekwa karibu na watu wazima. Ila mzazi anayebaki nyumbani kumwangalia mtoto naye haendi kazini. Shusha makutano ya watu wazima kwa watu wazima kutoka 8 hadi 7, thamani inakuwa 9.63, punguzo la asilimia 6. Amri ni ileile, shule ni zilezile, na majibu yametofautiana hadi mwelekeo.

Mtego mmoja hapo. Ukibadili uwezekano wa watoto kuambukizwa, rekebisha upya nguvu ya uambukizaji, yaani uwezekano wa kukutana mara moja kuleta maambukizi, ili R ya mwanzo ibaki 2.5, shule zikiwa wazi. Baada ya hapo usiiguse. Tumeona programu zinazoirekebisha upya kila jedwali linapobadilika, na hatua zote zikaonekana hazina athari hata kidogo.

Kwa namba halisi za makutano, wengi huanza na POLYMOD, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka nchi 8 za Ulaya ukiwa na washiriki 7,290. Ni data nzuri, lakini ni za siku za kawaida, na majedwali ya nchi nyingine yaliyotokana nazo ni makadirio. Kuhusu kuhama kwa makutano, ripoti ya Imperial College London ya tarehe 16 Machi 2020 ilidhani kwamba shule zikifungwa, makutano ndani ya kaya za wanafunzi yanaongezeka kwa asilimia 50 na ya kwenye jamii kwa asilimia 25. Unaweza kubishana na namba hizo, kwa sababu ziliandikwa. Dhana zako ziandike ukurasa wa kwanza, si kwenye msimbo.

Usibebe matokeo ya mafua na kuyavisha UVIKO-19. Mtafiti Cauchemez na wenzake, mwaka 2008, walitumia likizo za shule za Ufaransa na kukadiria kwamba likizo hupunguza uambukizaji wa mafua kwa watoto kwa asilimia 20 hadi 29. Wakakisia kuwa kufunga shule kwa muda mrefu wakati wa janga kungepunguza jumla ya wagonjwa kwa asilimia 13 hadi 17, na kilele kwa hadi asilimia 39 hadi 45. Tazama pengo kati ya hizo mbili. Anayeuliza kuhusu vitanda vya hospitali anataka kilele. Anayeuliza ni wangapi wataugua anataka jumla. Ukitoa moja bila nyingine, atatumia isiyo yake. Na kwa virusi vya mwanzo vya UVIKO-19, makadirio ya mwaka 2020 yaliweka uwezekano wa walio chini ya miaka 20 kuambukizwa kwenye takriban nusu ya ule wa watu wazima, kama mfano wetu wa pili.

Ukifika kwenye data za wagonjwa, kumbuka zimechelewa. Kwa virusi hivyo, dalili zilianza wastani wa siku 5 hivi baada ya kuambukizwa. Ongeza siku za kupimwa na kuripotiwa. Kona ya mchoro inayoonekana siku moja baada ya amri haikuletwa na amri. Machi 2020 nchi nyingi za Ulaya zilifunga shule, zikapiga marufuku mikusanyiko na kuamuru watu wabaki nyumbani ndani ya siku chache, huku wengi wakiwa wameshaanza kujifungia wenyewe. Hapo data haziwezi kukutenganishia mchango wa shule. Modeli ikikupa jibu lenye uhakika mkubwa, sogeza tarehe ya kufunga shule mbele kwa siku 7 na uendeshe tena. Jibu likibaki lilelile, limetoka kwenye dhana zako za awali. Unapolinganisha modeli na idadi za wagonjwa, tumia pia mtawanyo wa binomia hasi, unaoruhusu idadi kupanda na kushuka zaidi, badala ya ule wa Poisson, la sivyo utapata mipaka myembamba ya kujidanganya.

Mwisho wa mchoro uchague kabla ya kuona matokeo. Modeli inayokatika siku shule zinapofunguliwa itasifu kufunga daima, kwa kuwa walioepuka maambukizi bado wanaweza kuambukizwa na wimbi lao halimo kwenye picha. Iendeshe miezi kadhaa baada ya kufungua, na ujaribu tarehe tatu tofauti za kufungua, si moja.