Papa Veterineri anajibu: Ng'ombe ndani ya hifadhi

Papa Veterineri, jambo sana. Mtoto wangu anasoma Uingereza. Amenitumia picha ya ng'ombe wakila majani ndani ya hifadhi, eti wenye hifadhi wenyewe ndio waliowaweka. Huku kwetu ng'ombe akikanyaga parki ya Virunga ni kesi. Sheria ni mbili, yao na yetu?
— Baba Amani, Ndosho, Goma

Baba Amani, mtoto hakukudanganya, na walinzi wa parki hawakuonei. Tuangalie kwanza mahali penyewe palivyozaliwa.

Kusini mwa Uingereza, Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani kuna nyika za mchanga zilizojaa brueri, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau mwezi wa nane. Zamani sehemu kubwa ilikuwa msitu. Watu walikata miti, wakalisha mifugo humo karne baada ya karne. Wafugaji wa kule walifanya kama sisi wa Bushi, huku Kivu ya Kusini: mnyama anashinda malishoni, usiku analala zizini, samadi inapelekwa shambani. Huku migomba ikanenepa, kule nafaka. Nyika yenyewe ikazidi kufukarika, na brueri inapenda hapohapo penye ufukara. Mimi niliyezoea kupima faida ya ng'ombe kwa vikapu vya samadi nililikubali kwa shida: kumbe kuna watu wanaoomba udongo wao usinone!

Mbolea ya kiwandani ilipokuja, wafugaji wakaiacha nyika. Misonobari ikaota, na nyasi ngumu iitwayo Molinia ikaifunika brueri. Ndiyo maana ng'ombe wamerudishwa, safari hii kama vibarua.

Kazi yao iko mdomoni. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Anaizungushia nyasi ulimi na kuivuta, kwa hiyo anamaliza ile ndefu na ngumu ambayo kondoo anaiacha. Kwato zinaponda kangaga na kufungua vipande vya mchanga mtupu, ambamo mijusi wa kule wanafukia mayai. Wanaofaa ni kama Galloway wa Scotland, hana pembe, ana manyoya mazito, anavumilia malisho duni. Ukimpeleka frizone wako wa maziwa atakurudia mifupa, na fromaje kama ya Masisi usiitegemee.

Lakini wawe wachache. Wakizidi, hasa majira ya baridi nyasi zikiisha, wanaitafuna brueri yenyewe mpaka inakufa. Nyasi kavu kutoka nje hawaletewi ovyo, maana zinaingiza rutuba. Dawa ya minyoo nayo ina masharti: ivermektini inatoka na mavi, inaua watoto wa mbawakawa wanaoyala. (Wafugaji wa Kalehe, hili linawahusu pia.) Pale New Forest, pori la Uingereza ambalo mfalme William wa Kwanza alilitenga kwa uwindaji mnamo 1079, wenye haki ya kulisha wanalipa ada kwa kila mnyama, kila mwaka.

Sasa Virunga. Kule kazi ya kula majani ina wenyewe: nyati, tembo, viboko, swala. Ng'ombe wako akiingia anawanyang'anya chakula na wanaambukizana magonjwa. Brueri nasi tunayo, karibu na kilele cha Kahuzi, mita 3,308, juu ya mianzi, nayo inampita mtu kimo. Hakuna mfugaji aliyeitengeneza. Baridi na mwinuko vinaitosha.

Papa Veterineri, mbuzi hawawezi kazi hiyo? Ninao watano.
— Mama Neema, Bagira, Bukavu

Wanaweza, Mama. Katika nyika ya Lüneburg, Ujerumani, wachungaji wanachanganya mbuzi wachache na kondoo wao, ili watafune miche ya miti ambayo kondoo hawaimalizi. Ila wa kwako endelea kuwafunga kamba. Jirani zako wa Bagira wamepanda sombe, si brueri.