Shemeji, ile sahihi niliyotia na zile pesa mlizosikia

Shemeji, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema huko Changamwe imeshavuma kwamba kijana wetu amevunjika mguu mahali pa kuchezea, na kwamba Marekani mtu akiumia kwenye biashara ya watu ni mamilioni. Kisha ukauliza, na una haki ya kuuliza: "Sasa wewe ulikubalije kutia sahihi karatasi ya kusema mtoto akiumia ni shauri yako?" Nitakujibu bila kuficha. Wengine nyumbani wanajiuliza hilohilo, na wapo Wakenya wenzangu hapa Brooklyn Park, jimbo la Minnesota, walioumia wakanyamaza kwa kuogopa karatasi kama ile.

Ilikuwa Jumamosi, mtoto wa jirani anasherehekea siku ya kuzaliwa kwenye ukumbi wa trampolini. Mlangoni wameweka kioo cha kugusa. Maandishi hayaishi, unayasukuma yanapanda tu, nyuma yako foleni ya wazazi, na watoto wameshavua viatu. Nikaandika jina langu kwa ncha ya kidole. Usipotia sahihi, mtoto haingii, na umwambie nini wenzake wakiwa ndani wanaruka? Hapa karatasi hizi ziko kila mahali: jimu, kupanda farasi, kuteleza kwenye theluji, kambi ya vijana wa kanisa. Wenyewe huziita weiva. Maana yake ni kwamba ukiumia, hata kwa uzembe wa wenye mahali, umeachilia haki ya kudai.

Hata nusu saa haikupita nikasikia ukelele, nikaujua ni wa mwanangu. Mguu ulikuwa umezama katikati ya trampolini mbili, pale panapofunikwa kwa sponji. Sponji ilikuwa imeachia. Nilipopiga magoti kumtoa ndipo nikaona: ilikuwa imeshikizwa kwa utepe wa gundi wa rangi ya fedha, tabaka juu ya tabaka, ule wa chini umeshakuwa mweusi kwa uchafu. Kijana anayefanya kazi pale, mtoto mdogo tu, akasema kwa uchungu kwamba walishamwambia meneja. Mama mmoja wa kanisani kwetu, Mungu ambariki, akatoa simu akapiga picha ule utepe kabla haujaguswa. Mimi akili yote ilikuwa kwa mtoto.

Muundi ulivunjika. Plasta wiki saba. Na bima ninayo, shemeji, lakini bima ya huku haianzi kulipa mpaka kwanza wewe mwenyewe utoe kiasi fulani. Bili iliyobaki mikononi mwangu ilikuwa zaidi ya dola 3,000. Nikafanya zamu za usiku miezi miwili. Ndiyo sababu simu zenu hazikuwa zikipokelewa, na pesa za Desemba zilichelewa.

Mwezi mzima nilikaa kimya. Nilijiambia nimeshatia sahihi, yamekwisha. Ni yule mama wa kanisani aliyenisukuma kwa wakili. Kumwona mara ya kwanza ni bure, na wengi wao huchukua sehemu yao, aghalabu theluthi, kesi ikilipa tu.

Wakili alinieleza jambo ambalo natamani kila mgeni alijue siku anayoshuka uwanja wa ndege. Hakuna sheria moja ya Marekani juu ya karatasi hizi. Kila jimbo lina yake. Virginia, karatasi ya kuachilia mapema haki ya mtu atakayeumizwa mwili haina nguvu. Louisiana nao wameandika hivyohivyo katika sheria yao ya madai. New York, mahali pa burudani au mazoezi ukilipa kiingilio, haiwalindi na uzembe wao. Hapa kwetu Minnesota mahakama huikubali, lakini ina mipaka. Tangu Agosti 2013 sheria inasema haiwezi kufunika uzembe uliopita ule wa kawaida, hata kama mtia sahihi ni mzazi kwa niaba ya mtoto. Na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kesi ya kijana aliyeumia kichwa akiwa na miaka 7 kwenye mahali pa kuchezea penye maputo makubwa. Mama yake alikuwa ametia sahihi. Majaji wakasema maneno ya karatasi hayakutaja waziwazi kwamba kampuni inasamehewa uzembe wake yenyewe, kwa hiyo haikumzuia kudai.

Ukivuka daraja la mto St. Croix tu, uko Wisconsin, na huko majaji ni wakali zaidi. Mwaka 2016 walitupa karatasi ya mama aliyekuwa kwenye foleni ya kupanda puto la hewa moto. Upepo ukaling'oa puto, likamgonga akiwa bado chini. Karatasi alikuwa ameitia sahihi, hajairudisha hata kwa wenyewe. Nikifikiria yule mama nahisi baridi.

Kuhusu watoto nako majimbo hayakubaliani. Jimbo la Washington walisema mwaka 1992 kwamba mzazi anaweza kuachilia haki yake yeye, lakini ya mtoto si yake kuitoa. Ohio mwaka 1998 wakaikubali sahihi ya mama kwa timu ya mpira inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Mimi naona Washington wako sawa, na nitabishana na yeyote.

Wakili akaisoma karatasi yangu, akaitazama picha ya utepe kwa muda mrefu. Mtu akijua pana hatari akaifunika kwa gundi, alisema, hapo tuna la kuongea. Bila ile picha, alisema wazi, huenda asingeichukua kesi. Hatukufika mahakamani kushindana. Bima ya ule ukumbi ikakubali kulipa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo swali lako lilipo. Ilitoka bili ya hospitali. Ikatoka ya wakili. Kilichobaki ni cha mtoto, na makubaliano ya mtoto huku lazima jaji ayapitishe. Jaji akaagiza kiwekwe benki kwa jina lake, kisiguswe mpaka afikishe miaka 18. Hata mimi babake siwezi kutoa dola moja ya kodi ya nyumba. Kijana ana miaka 9, anatembea vizuri, ila akishuka ngazi bado anatanguliza mguu wa kushoto.