Wageni wa Wiki Sita: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kozi Fupi za Wanafunzi wa Ng'ambo

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Mei vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vinapofunga muhula, makundi madogo ya wanafunzi hushuka Entebbe kwa kozi za wiki tatu, nne au sita. Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa wale wanaowapokea wageni hao, na nimechagua nne. Niliwahi kuratibu kozi za aina hii mjini Kampala kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ninajibu kwa niliyoyaona pamoja na ninayoyajua ya kanuni.

Chuo kimoja cha ng'ambo, kupitia wakala wake wa hapa Kampala, kimeniomba niwapokee nyumbani wasichana wawili kwa wiki tano. Wakala anasema wageni wanataka kuona maisha ya kawaida, hivyo nisijisumbue na chochote. Mume wangu anaona ni aibu kumuuliza mgeni habari za malipo. Je, niulize? Na kazi za nyumbani niwape au niwakataze?
*Mama wa watoto watatu, Ntinda*

Mama, uliza, na uulize kabla hawajapanda ndege. Mume wako hakosei, kwa sababu mgeni aliyekuja kukusalimia hatozwi chakula. Hawa, hata hivyo, wamelipa karo, na ndani ya karo hiyo mna fungu la malazi na chakula ambalo lisipokufikia wewe litabaki mikononi mwa mtu aliye katikati. Omba barua inayotaja kiasi cha kila wiki, siku ya kulipwa, idadi ya milo, na namba ya mtu atakayepokea simu saa nane za usiku mmoja wao akishikwa na homa. Nasisitiza hilo la homa kwa sababu dawa za kinga ya malaria wanazomeza hupunguza hatari bila kuiondoa, na mtu ambaye mwili wake haujawahi kuugua malaria huweza kuzidiwa upesi sana. Chandarua kiwepo kitandani siku ya kwanza, na homa yoyote ipelekwe kupimwa usiku huohuo.

Usiwachukulie wote kuwa watoto wa matajiri. Serikali ya Marekani, kwa mfano, ina ufadhili unaoitwa Gilman, unaotolewa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ambao tayari wanapokea msaada wa serikali kwa sababu ya kipato kidogo cha familia zao. Nimewahi kumpokea kijana aliyefika kwa ufadhili huo akiwa na viatu jozi moja, na majirani wakawa wanamwomba awajengee kisima. Waambie watoto wako, na majirani pia, kwamba hawa ni wanafunzi.

Kuhusu kazi za nyumbani, wahenga walikwisha kukujibu waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba moja ya Kira, msichana aliandaliwa meza peke yake kwa siku nne, kwa sahani nzuri na uma, huku familia ikila kwenye mkeka jikoni. Wenyeji waliamini wanamheshimu, na yeye aliamini wamemchukia, hata akaniomba nimhamishe. Siku ya tano mama mwenye nyumba alimpa kisu na mkungu wa matoke. Hakujua kupaka mafuta mikononi kwanza, kwa hiyo utomvu ukamganda vidoleni ukawa mweusi, watoto wakacheka, naye akacheka. Alifundishwa kufunga ndizi zilizomenywa kwenye majani ya mgomba na kuzipanga sufuriani juu ya vikonyo ili zive kwa mvuke bila kugusa maji, na jioni akala mkekani. Ripoti yake ya mwisho ya kozi ilikuwa juu ya kazi isiyolipwa ya wanawake, na ilianza na zile saa tatu za kuivisha matoke kwa moto mdogo. Sikuona mhadhiri aliyemfundisha jambo hilo vizuri kuliko yule mama, na ndiyo maana nasema fedha unazodai ni ujira wa kufundisha.

Chuo cha Marekani kimetuletea rasimu ya kozi ya wiki nne yenye krediti sita. Ratiba ina gorila wa msitu wa Bwindi, maporomoko ya Murchison, chanzo cha Nile huko Jinja na wikendi moja Kigali. Wenzangu wanasema tukipinga watahamia nchi nyingine. Unashauri nini?
*Mhadhiri, Kampala*

Ndugu Mhadhiri, anza na hesabu. Krediti moja, kwa kipimo cha huko na kwa kipimo cha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hapa kwetu, ni takribani saa 15 za darasani, na Marekani huongeza saa mbili za kazi ya mwanafunzi mwenyewe kwa kila saa moja ya darasa. Krediti sita ni saa 90 darasani na 180 nje yake, jumla 270, yaani zaidi ya saa 67 kila wiki. Kisha ondoa siku za barabarani, maana Kampala hadi Bwindi ni siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi. Ratiba hiyo haiwezekani, na atakayeulizwa siku wanafunzi watakapolalamika ni wewe uliyeitia saini. Pendekeza krediti tatu kwa wiki nne, au sita kwa wiki zisizopungua saba, na kwa vyovyote Kigali iondolewe, kwa sababu wikendi moja haitoshi kuielewa Rwanda, na historia yake haifai kutazamwa kwa kupita.

Bwindi mimi ningeiacha, ila kwa sharti. Tangu Julai 2024 mgeni kutoka nje ya Afrika asiyeishi nchini hulipa dola 800 kwa kibali cha kuwaona gorila, wakati raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000. Kundi la gorila huonwa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda wa saa moja. Tofauti hiyo ya bei peke yake ni somo la uchumi, na sheria inayoagiza asilimia 20 ya ada za kiingilio cha hifadhi zirudi kwa jamii zinazoizunguka ni somo jingine. Somo zito zaidi ni la Wabatwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, waliotolewa humo mwaka 1991 eneo hilo lilipofanywa hifadhi ya taifa, na ambao Mahakama ya Katiba mwaka 2021 iliamua kwamba waliondolewa katika ardhi yao isivyo halali bila kulipwa fidia ya kutosha. Wanafunzi wasome uamuzi huo kabla ya safari, na wakae na wazee wa Kibatwa waliokubali mapema kuzungumza nao, wakilipwa kama wahadhiri waalikwa. Kundi linalotoka msituni adhuhuri na kurudi moja kwa moja hotelini limenunua picha kwa dola 800, na hilo si jambo la kulipatia krediti.

Njiani mtapita Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, ambako vijana humwaga maji katika beseni tatu na kuelekeza macho ya wageni kwenye ua dogo linaloelea, likizunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Msiishie kupiga picha. Wape wanafunzi wa sayansi kazi ya kueleza kwa nini mzunguko wa dunia hauwezi kuonekana katika beseni ndogo hatua chache kutoka kwenye mstari, na kwamba mwelekeo wa maji hutegemea yalivyomiminwa. Hapo kituo cha dakika 20 kinakuwa darasa.

Jambo ambalo nisingekubali kulilegeza hata kidogo ni hili: kila mwanafunzi mgeni awe na mwenzake wa hapa aliyesajiliwa katika kozi ileile. Juni na Julai wanafunzi wetu wengi wako likizo, ndiyo maana vyumba vya hosteli hupatikana kwa urahisi, lakini ndiyo maana pia wageni hukaa wiki nne wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Nimeona mara nyingi mwanafunzi wetu akiitwa kuwa mkalimani wa bure, akipanda gari la nyuma, akisubiri nje wenzake wanapofundishwa. Adai kusoma vitabu vilevile, kupanda gari lilelile na kupata cheti kilekile, na gharama yake iwekwe ndani ya karo ya wageni tangu rasimu ya kwanza. Katika miaka yangu yote sikuona chuo makini kilichokimbia kwa kuulizwa maswali ya namna hii. Vilivyokimbia vilikuwa vinatafuta dereva na hoteli, na hivyo viache viende.

Neno dogo kuhusu utafiti: ikiwa rasimu inataja mahojiano na wanavijiji, kumbuka kwamba utafiti unaohusu watu unahitaji idhini ya kamati ya maadili na kusajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, jambo lisilokamilika ndani ya kozi ya mwezi mmoja. Aina ya viza nayo ithibitishwe na idara ya uhamiaji kwa maandishi kabla ya tiketi kununuliwa, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike.

Ninasomea ukunga na ninafanya mafunzo katika kituo cha afya. Mwaka jana wageni wawili ambao hawajaanza hata masomo ya udaktari walipewa glavu, mmoja akamshona mama aliyetoka kujifungua. Msimamizi wa zamu alisema ni wageni wa wafadhili. Wakija tena nifanye nini?
*Mwanafunzi wa ukunga, mashariki mwa Uganda*

Binti yangu, ulichokiona ni kosa, na umefanya vema kutolisahau. Chanzo chake mara nyingi ni jina. Kwetu kijana huingia chuo cha udaktari akitoka kidato cha sita, kwa hiyo mtu akisema anasomea udaktari, mhudumu humwona kama daktari mtarajiwa aliyekwisha kufundishwa wodini. Marekani masomo ya udaktari huanza baada ya shahada ya kwanza ya miaka minne, na wengi wanaokuja kwa kozi fupi bado wako katika shahada hiyo, wakisoma biolojia na kemia. Kwao hawaruhusiwi kumshona mgonjwa, na wasichoruhusiwa kwao wasikifanye kwa mama zetu. Hata daktari kamili kutoka nje hana ruhusa ya kutibu hapa kabla ya kusajiliwa na baraza la madaktari.

Wewe ni mdogo kazini, kwa hiyo usigombane mbele ya mgonjwa. Mwendee msimamizi faraghani kabla ya wageni kufika, umwombe mambo mawili: wavae kitambulisho kikubwa kilichoandikwa MTAZAMAJI, na mama aulizwe kwa lugha yake kama anakubali watu wasio wahudumu wawepo chumbani. Asipokusikiliza, mwandikie mkufunzi wako chuoni ukitaja tarehe na tendo lenyewe. Mama yule hakuulizwa, na maumivu yalikuwa yake.

Wasomaji wawili wameuliza pia kuhusu kuwapeleka wageni kwenye vituo vya yatima. Msiwapeleke. Mtoto anayezoea mikono mipya kila wiki tatu huumizwa na kuachwa tena na tena, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zizuie madhara yatokanayo na safari hizo za kujitolea.

Wanafunzi wa ng'ambo wanaojifunza Kiswahili hupelekwa Zanzibar, Arusha au Kenya. Sisi huku Arua tunakizungumza kila siku sokoni. Kwa nini hawaji kwetu?
*Mwalimu wa Kiswahili, Arua*

Mwalimu, swali lako limenigusa. Wanakwenda huko kwa sababu huko kuna shule za lugha zenye vitabu, walimu na mazoea ya miaka mingi, na kwa anayeanza ngeli huko ndiko kunakofaa. Anayekufaa wewe ni mwanafunzi aliyekwisha kusoma miaka miwili, akajua kusema "kitu changu", na sasa anahitaji kusikia "kitu yangu" kutoka kwa mchuuzi anayeuziana na Mkongo asubuhi na mtu wa Sudan Kusini mchana, bila kumdharau.

Una pia historia ambayo Zanzibar haina. Kiswahili cha Uganda kilipita katika jeshi tangu enzi za ukoloni, kikabaki lugha ya askari, na ndiyo sababu mgeni anayemsalimia mzee wa Buganda kwa Kiswahili anaweza kujibiwa kwa Kiingereza na uso uliokunjamana. Idi Amin, mtu wa upande wenu wa West Nile, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi akikaa na wewe wiki moja ataelewa kwa nini lugha moja inaogopwa Masaka, huko Buganda, na kupendwa Arua.

Lipo gumu moja. Chuo cha ng'ambo hufuata tahadhari za safari za serikali yake na masharti ya bima, na maeneo ya karibu na mipaka hutazamwa kwa hofu. Usiombe kozi nzima mara ya kwanza, bali omba wiki ya mwisho ya kozi iliyoanzia Kampala. Andika barua ya kurasa mbili: nyumba sita zinazozungumza Kiswahili mezani na majina ya wenye nyumba waliokubali, hospitali iliyo karibu, usafiri utakaotumika, na somo la siku moja kama mfano. Asubuhi wasome bei na vipimo darasani, mchana kila mmoja anunue sokoni vitu vitatu na kuandika maneno ya muuzaji kama alivyoyatamka, jioni mkae nao na kamusi mlinganishe. Weka Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, ndani ya wiki hiyo, wanafunzi wako na wageni wakariri mashairi pamoja. Nitumie rasimu kabla ya Septemba nikusaidie kuisoma, kwa kuwa vyuo vingi hupanga kozi za Juni karibu mwaka mzima kabla.